Gari Inapomisi: Tuijue Koili Mbovu

Safari hii tunazungumza juu ya injini ya gari. Huenda utasema, "Mimi sina gari, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu. Gari moja ya kijiji ikiharibika, mgonjwa wako ndiye anayelala barabarani. Mpunga wako ndio unaonyeshewa mvua. Nauli yako ndiyo inayopanda.

Tena kuna jambo la pesa. Mtu asiyejua gari yake inaumwa nini hununua kila kitu anachoambiwa anunue. Sisi tumeyaona hayo. Tutawasimulia.

Kikundi chetu cha wahitimu wa kisomo tulichanga pesa tukanunua gari ndogo aina ya Probox. Ni zile gari ambazo watu wa Kanda ya Ziwa wanaziita michomoko. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika sana, lakini ilitubebea vizuri. Siku ya gulio ilipeleka kina mama na mizigo yao. Siku nyingine ilipeleka wagonjwa kituo cha afya.

Masika yalipoanza, gari ikaanza kutetemeka. Ikisimama tu huku inaunguruma, kiti kizima kinatikisika kama mtu mwenye homa. Dereva akasema, "Gari inamisi." Tukaipeleka mjini kwa fundi. Fundi akaisikiliza kidogo, akasema ni pampu ya petroli. Tukanunua pampu. Gari ikaenda vizuri siku tatu, mvua ikanyesha, ikaanza tena. Tukarudi. Safari hii akasema ni nozeli. Tukanunua nozeli nne. Mambo yakawa yale yale. Pesa iliyokwenda hapo ilikuwa sawa na magunia manne ya mpunga, na mweka hazina wetu alikuwa anaogopa kusimama kwenye mkutano.

Kisha ukaja ule usiku. Mama mmoja alishikwa na uchungu saa saba. Tukampakia pamoja na mama mkwe wake. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Kufika kwenye mlima kabla ya daraja, gari ikakosa nguvu. Dereva anakanyaga mafuta, gari inakohoa, haipandi. Taa ya njano ya injini pale mbele ya dereva ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Wanaume wawili wakashuka wakasukuma. Mama mkwe naye akashuka, akatembea kwa miguu kwenye tope mpaka juu ya mlima. Tulifika kituoni alfajiri, na mtoto alizaliwa salama. Lakini mama mkwe yule alituambia neno moja: "Wanangu, gari hii mtaiua, au itatuua sisi."

Kumbe ugonjwa wote ule ulikuwa ni wa kitu kimoja kidogo. Unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Kinaitwa koili.

KOILI INAFANYA KAZI GANI?

Injini ya petroli inakwenda kwa moto. Ndani yake mna mashimo yanayoitwa silinda. Injini ya Probox ina silinda nne. Katika kila silinda hewa na petroli huingia, hubanwa na pistoni, halafu huwashwa na cheche. Moto ukilipuka, pistoni inasukumwa chini. Kusukumwa huko ndiko kunakozungusha magurudumu.

Cheche hiyo inatoka kwenye plagi. Ncha ya plagi ina pengo dogo, kama milimita moja hivi. Umeme unaruka pengo hilo. Lakini hapo pana shida. Betri ya gari ina volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kuruka pengo hilo ndani ya hewa iliyobanwa. Zinatakiwa volti nyingi mno, 20,000 au 30,000, na pengine zaidi.

Nani anazitoa? Koili ndiyo inayozitoa.

Ndani ya koili mna chuma, na juu ya chuma mmezungushwa nyaya mbili. Waya wa kwanza ni mnene, umezungushwa mara chache. Waya wa pili ni mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Umeme wa betri unapita kwenye waya mnene na kukifanya kile chuma kuwa sumaku. Halafu umeme unakatwa ghafla. Sumaku inapotoweka ghafla, umeme mkali unazuka katika waya ule mwembamba.

Kwa nini ghafla? Umewahi kupanda lori juu ya mizigo? Lori likienda taratibu hadi kusimama, hakuna anayeanguka. Lakini dereva akikanyaga breki ghafla, wote mnarushwa mbele. Sumaku nayo ni hivyo. Ikiondoka polepole, umeme unaozuka ni kidogo. Ikikatika mara moja, umeme unaruka. Jambo hili la sumaku kuzaa umeme si la leo wala jana. Mwingereza aitwaye Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831, kabla hakujakuwa na gari la petroli popote duniani.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tulijifunza. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche mara moja katika kila mizunguko miwili. Hizo ni cheche 1,500 kwa dakika kwa silinda moja. Gawanya kwa 60. Utapata cheche 25 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni cheche 90,000. Koili inafanya kazi hiyo ikiwa imekaa juu ya injini yenye joto, siku zote, miaka mingi. Msishangae basi ikichoka.

ZAMANI NA SASA

Wazee wanaokumbuka Land Rover za zamani na Peugeot 404 watasema, "Mbona zile zilikuwa na koili moja tu?" Ni kweli. Koili moja ilihudumia silinda zote. Umeme ulitoka kwenye koili ukaenda kwenye distributa, na distributa ikaugawa kwa zamu: huyu, huyu, huyu, kama mama anayegawa ugali. Koili ile ikifa, gari yote inazima. Ugonjwa ulikuwa wazi.

Baadaye zikaja gari ambazo koili moja inahudumia silinda mbili, na koili hizo hufungwa pamoja kama pakiti moja. Hapo koili ikifa, silinda mbili zinakufa pamoja.

Gari nyingi za petroli za siku hizi hazina distributa. Kila plagi ina koili yake, imekaa juu yake kama kofia ndefu. Injini ya Probox yetu, ambayo jina lake ni 1NZ-FE, iko hivyo. Ina koili nne. Kompyuta ya gari ndiyo inayoziamuru, na zamu yao ni silinda ya 1, halafu ya 3, halafu ya 4, halafu ya 2.

Uzuri wake ni kwamba koili moja ikifa gari haizimi. Inakwenda na silinda tatu. Ubaya wake ni huo huo. Gari inakwenda, kwa hiyo watu wanaendelea kuipanda, na ugonjwa unajificha. Kila mtu anasema lake. Huyu pampu, huyu nozeli, mwingine petroli ya magendo.

(Kama gari yenu ni ya dizeli, haya hayawahusu. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Haina plagi za cheche wala koili hizi.)

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni kutetemeka gari ikiwa imesimama na injini inaunguruma. Mlio haulingani. Nenda nyuma uweke mkono karibu na eksozi, usiiguse. Gari nzima inapumua sawasawa. Gari inayomisi inapumua, inapumua, inapumua, inakosa. Ukiwa na sikio la ngoma utaisikia mara moja.

Ya pili ni kukosa nguvu, hasa mlimani au mkiwa mmejaa. Ya tatu ni harufu ya petroli kwenye moshi, kwa sababu petroli iliyoingia katika silinda mgonjwa haikuungua, imetoka hivyo hivyo. Basi na matumizi ya mafuta yanaongezeka. Ya nne ni ile taa ya njano ya injini, ambayo madereva wanaiita chekinjini.

Hapa tutulie kidogo, maana taa hiyo ina maneno mawili. Ikiwaka na kubaki imewaka, inasema: kuna tatizo, nipeleke nikapimwe. Ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, inasema: namisi vibaya sasa hivi, punguza mwendo. Petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya eksozi, pale penye kile chombo cha kusafisha moshi. Chombo hicho kinaweza kupata moto mpaka kikawa chekundu. Kinaharibika, nacho ni ghali kuliko koili. Tena gari ya namna hiyo usiiegeshe juu ya majani makavu. Nyasi zinaweza kushika moto kutoka chini ya gari. Sisi usiku ule hatukulijua hilo. Bahati yetu nyasi zilikuwa zimelowa.

Dalili nyingine ni ya ujanja. Koili inayoanza kufa mara nyingi haifi siku moja. Asubuhi gari ikiwa baridi, ni nzima. Ikipata moto, inaanza kumisi. Au kinyume chake: jua likiwaka haina neno, mvua ikinyesha inaanza. Umeme mkali unatafuta njia. Kofia ya mpira ya koili ikipasuka ufa, umeme unapita kwenye ufa na maji, unarukia chuma cha injini badala ya kwenda kwenye plagi. Ndiyo maana fundi wetu wa kwanza aliona gari imepona siku tatu. Pampu mpya haikuiponya. Mvua ilikuwa imepumzika tu.

TULIVYOIPATA

Baada ya ule usiku tulimwendea kijana mmoja wa kwenye senta, anayetengeneza zaidi pikipiki. Tulimwamkia tukamweleza. Hakugusa spana. Kwanza aliuliza maswali kama daktari. "Inaanza lini? Ikiwa na moto au baridi? Mmewahi kuosha injini kwa maji? Plagi mlibadilisha lini?" Hakuna aliyejua plagi zilibadilishwa lini. Hapo tuliona aibu kidogo, sisi watu wa kisomo, kwamba gari yetu haina daftari.

Halafu akaomba chaki. Alifungua boneti na kuondoa kifuniko cha juu. Zikaonekana koili nne zimepangwa mstari mmoja. Akaandika kwa chaki juu ya kila koili: 1, 2, 3, 4. Katika injini hii namba 1 inaanzia upande wa mkanda. Ukisimama mbele ya gari unaitazama injini, iko kushoto kwako. Andikeni namba jamani. Mtu akichanganya koili hapa, kazi yote inayofuata ni bure.

Kisha akasema tuiwashe mpaka ipate moto na ianze kumisi. Gari isiyoonyesha ugonjwa haipimiki. Ilipoanza kutetemeka, akazima. Akachomoa soketi ya koili namba 1, ile soketi ndogo ya nyaya nne, akawasha. Injini ikazidi kutetemeka. "Sawa," akasema, "silinda ya kwanza ilikuwa inafanya kazi, ndiyo maana tumeona tofauti." Akazima, akairudisha. Akachomoa ya namba 2, akawasha. Hakuna tofauti. Ile ile. Tukatazamana. Akazima, akarudisha. Namba 3, ikawa mbaya zaidi. Namba 4, vivyo hivyo.

Basi mgonjwa ni silinda ya 2. Mtu asiyefanya kazi, hata akiondoka shambani, jembe halipungui.

Kila mara alizima injini kabla ya kuchomoa. Hilo mliangalie sana. Wako mafundi wanaoinua koili nzima huku injini inaunguruma, waone cheche inavyoruka. Hiyo ilikuwa desturi ya nyaya za plagi za zamani, na hata zamani haikuwa salama. Volti 30,000 zinakupiga rungu. Unaweza kurusha mkono ukaingia kwenye feni au mkanda. Na umeme ukikosa pa kwenda unapasua koili yenyewe kwa ndani, kwa hiyo ulikuja na koili moja mbovu utaondoka na mbili. Tena panapopimwa injini ya petroli pasiwe na sigara, wala chupa ya petroli iliyo wazi.

Sasa tunajua silinda. Lakini bado hatujajua ugonjwa! Wengi wanakosea hapa. Silinda ya 2 inaweza kufa kwa sababu ya koili, au plagi, au nozeli, au waya, au vali isiyofunga vizuri. Fundi wa haraka angesema tu "koili" na kutupeleka dukani. Huyu alifanya jambo dogo lisilo na gharama yoyote. Alibadilisha nafasi. Koili ya 2 akaipeleka kwenye silinda ya 3, na koili ya 3 akaileta kwenye silinda ya 2. Kila koili imeshikwa na bolti moja, spana namba 10. Kazi ya dakika chache.

Akawasha, akarudia kuchomoa soketi. Safari hii silinda ya 2 ilikuwa nzima. Ya 3 ndiyo imekufa. Ugonjwa umehama pamoja na koili.

Hapo hapakuwa na ubishi tena. Hata mweka hazina wetu, ambaye hajui injini, alielewa. Ukihamisha kuku mgonjwa kutoka banda hili kwenda lile, na kikohozi kikasikika kule alikohamia, basi kikohozi ni cha kuku, si cha banda.

Ingekuwa ugonjwa umebaki kwenye silinda ya 2, tungefuata plagi. Injini ingeachwa ipoe kwanza, maana plagi imefungwa kwenye chuma laini, na kuifungua ikiwa na moto kunaweza kuharibu nyuzi za tundu. Halafu plagi ya 2 na ya 3 zingebadilishana nafasi, na tungetazama ugonjwa unaenda wapi. Ukihama, ni plagi. Usipohama, ndipo mtu aangalie nozeli na nyaya, na mwisho kabisa apime mbano wa silinda. Mambo ya bei nafuu na mepesi yanatangulia. Sisi tulianza na pampu!

KUPIMA KWA KOMPYUTA

Mjini wako mafundi wenye kifaa cha kupima gari. Wanakichomeka kwenye soketi chini ya usukani, na kifaa kinaonyesha herufi na namba. Msiogope namba hizo. Mtu aliyejua kusoma namba ya nyumba anaweza kuzisoma.

P0301 maana yake silinda ya 1 inamisi. P0302 ni silinda ya 2. P0303 ni ya 3, na P0304 ni ya 4. Ikiwa P0300, maana yake kumisi kunarukaruka, hakushikamani na silinda moja. Kompyuta imelijua hilo kwa kuangalia mwendo wa shafti kubwa ya injini. Kila silinda inapowaka shafti inaongeza mwendo kidogo. Silinda ikikosa, shafti inalegea.

Lakini oneni jambo hili. P0302 haisemi "nunua koili". Inasema silinda ya 2 haiwaki. Ni sawa na zile soketi alizochomoa kijana wetu. Inakufikisha mlangoni, haikuingizi ndani. Kubadilisha nafasi ya koili bado kunahitajika. Ukibadilisha, futa namba zilizohifadhiwa, tembeza gari, upime tena. P0302 ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu.

Ziko pia namba za P0351 mpaka P0354. Hizo zinahusu umeme wa koili yenyewe, kuanzia koili ya 1 mpaka ya 4. Hata hapo, tazama nyaya kwanza. Koili ya Probox ina nyaya nne: mmoja unaleta umeme, mmoja ni wa chini, mmoja unaleta amri ya kompyuta, na mmoja unarudisha jibu kwamba amri imetekelezwa. Mmoja wao ukikatika, koili nzima kabisa itaonekana imekufa. Na huku kwetu vijijini adui wa nyaya tunamjua. Gari ikilala karibu na ghala la mpunga, panya wanapanda kulala kwenye injini yenye joto, na wakilala hawalali tu. Angalieni pia kile kidole cha plastiki kinachoshika soketi. Kikivunjika, soketi inalegea kwenye barabara mbovu, gari inamisi kwenye mashimo na kupona kwenye lami.

Neno moja juu ya mita. Koili za zamani zilipimwa kwa mita ya omu na jibu lilikuwa wazi. Hizi za nyaya nne zina sakiti ndani yake, na mita ya kawaida haitoi jibu la kuaminika. Fundi akigusisha mita mara moja na kusema "hii imekufa", mwombe kwa adabu abadilishe nafasi mwone wote.

KUNUNUA

Tulituma watu wawili mjini, na mmoja wao alikuwa mama ambaye alianza kisomo miaka minne tu iliyopita. Kijana wa senta aliwaambia wabebe koili ile mbovu, wasome namba iliyoandikwa juu yake, na wanunue yenye namba hiyo hiyo. Namba ilikuwa 90919-02240.

Muuza duka aliitazama akaleta nyingine haraka haraka. "Hii hapa mama, ya Toyota, ni ile ile." Mama akaishika, akaipeleka kwenye mwanga, akaisoma tarakimu moja moja. 90919-02239. Akasema, "Mwanangu, hii mwisho ni 39. Yetu ni 40." Muuza duka akacheka, akasema tofauti ni ndogo. Lakini tofauti si ndogo. Ile ya 02239 ni ya injini nyingine inayoitwa 1ZZ-FE, ya Toyota Corolla. Mama hakubishana sana. Aliweka pesa yake kwenye kitenge akaanza kuondoka, na ndipo ile ya 02240 ilipopatikana kwenye rafu.

Koili moja ile haikufika hata robo ya pesa tuliyotupa kwenye pampu na nozeli.

Ziko koili za bandia zinazofanana sana na za kweli, na pengine zinakufa baada ya wiki chache. Ziko pia zilizotumika, zimetolewa kwenye injini zilizokufa. Koili iliyotumika si haramu, lakini ombeni muifunge na kuijaribu kabla ya kulipa, injini ikiwa na moto. Tazameni mpira wake kama una ufa, au alama nyeupe au nyeusi kama ya mwanzi uliopigwa radi. Hiyo ni njia ya umeme uliotoroka.

KWA NINI ILIKUFA?

Kijana wetu hakutuacha twende. Alisema koili mpya ikifungwa juu ya ugonjwa wa zamani itakufa nayo. Injini ilipopoa alifungua plagi zote nne. Ncha zilikuwa zimelika, pengo limekuwa pana. Pengo likiwa pana, koili inalazimika kusukuma umeme mkali zaidi kila cheche, mara 25 kwa sekunde, kama mtu anayetwanga mpunga kwa mchi mzito kuliko nguvu zake. Tukanunua plagi nne mpya.

Tena katika shimo la plagi ya 2 mlikuwa na oili. Koili ilikuwa imesimama ndani ya oili. Oili inalainisha mpira wa koili mpaka unapasuka. Inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, na kwenye mipira ya mashimo ya plagi, ikizeeka. Tulibadilisha gasketi hiyo pia, na akapangusa mashimo kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha koili.

Na kuosha injini kwa maji ya kupuliza, tumeacha. Vijana walikuwa wanapenda ing'ae siku ya gulio.

Wenye pikipiki wametuuliza kama haya yanawafaa. Pikipiki nyingi za kijijini zina silinda moja, plagi moja na koili moja, kwa hiyo huna wa kubadilishana naye nafasi. Azima koili ya pikipiki ya mwenzako ya aina ile ile, ijaribu, umrudishie siku hiyo hiyo. Anza na plagi lakini, kisha kofia ya plagi, ndipo uende kwenye koili.

Gari yetu sasa ina daftari. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Ukurasa wa kwanza ameuandika yule mama, na pale chini ya neno "koili" ameandika namba yote, tarakimu kumi, pamoja na kile kistari.